Mke wa Mdomoni

Nyumba ya msiba ikijaa hupendeza, na sioni haya kusema hivyo. Nimekulia nyumba za watu wengi; nyumba ya watu wawili mimi huiona kama kinywa chenye meno mawili, hata kikitabasamu kinatia huruma. Hapa leo wamejaa mpaka wengine wamekalia vinu vilivyolazwa ubavu. Kuna wanaomenya vitunguu na kusingizia vitunguu. Kuna wanaonong'ona habari za binti wa jirani aliyerudi kwao na begi bila mume, na kila anayeipokea habari hiyo anaiongezea kiungo kabla ya kuipitisha. Na chumba cha ndani, nyuma ya pazia, amelala Feruzi, ambaye ndiye peke yake asiyeusikia umbea huu na ndiye angeufurahia kuliko sisi sote. Watu wananitazama kwa pembe ya jicho. Wananisubiri. Mimi Mashavu ndiye mtani wake, na kwetu maiti haitoki ndani mpaka mtani wake awachekeshe waliobaki.

Wasiojua watauliza ni ukatili gani huo. Si ukatili. Babu zetu, watu wa Mlimani na watu wa Mtoni, walipigana mpaka wakasahau walichokuwa wanapigania, na mtu akisahau anachopigania mkono huwa mzito. Wakaketi. Wakala chungu kimoja. Wakakubaliana kwamba vita visife, maana vita vikifa undugu nao hupoa, ila kuanzia siku hiyo vipiganwe kwa mdomo tu. Ndiyo maana mtu wa Mtoni anaweza kuingia nyumba ya mtu wa Mlimani, akafunua chungu, akaonja, akatukana mapishi na mpishi na aliyemzaa mpishi, na mwenye nyumba akacheka. Atakayenuna ameshindwa yeye na mababu zake wote. Na mmoja wetu akifa, mtani wake huvaa nguo zake, hutembea mwendo wake, humsema mbele ya ndugu zake, mpaka kicheko kifungue vifua vilivyojifunga kwa uchungu. Feruzi ni wa Mlimani, mimi wa Mtoni. Tangu tukiwa wa kuogeshwa beseni moja, yeye ananiita mke wangu mchawi, mimi namwita mume wangu mwizi.

Na hapo ndipo lilipozaliwa swali langu, ambalo nimetembea nalo miji na miji kama mtu anayetembea na ufunguo asioujua mlango wake. Neno ambalo limesemwa kwa mzaha maisha yake yote, siku likitaka kuwa la kweli, lipite wapi? Litoke kwa mdomo gani? Maana mdomo ni ule ule. Na masikio ni yale yale, yamekwisha zoea kucheka yakilisikia.

Watani huoana, msidhani hawaoani. Lakini posa hupelekwa na watu wengine, watu wazima wenye kanzu na nyuso zisizocheka, na mwanamke hajipelekei posa. Mimi nilingoja wenye kanzu. Feruzi, fundi rangi, alikuja bila kanzu, ndoo mkononi na brashi mfukoni, akasimama ukumbini kwetu mbele ya kadamnasi akasema: mke wangu mchawi, nakwenda mijini kukutafutia rangi ya nyumba yetu. Watu wakaangua kicheko. Nilicheka kuwapita wote, nikamwambia asirudi na kijani, kijani ni rangi ya vyura wa kwao. Akaondoka. Mchana huo nikakaa kwenye chakula, nikamega tonge nikalirudisha sahanini, na mama yangu akaniuliza ninaumwa nini. Nikamwambia siumwi. Kisha nikatia chanuo na mafuta yangu ya nazi kwenye mkoba, nikamfuata.

Mimi ni msusi. Mji naujua kwa vichwa vyake. Wengine husoma mji kwa majumba, mimi huusoma kwa vidole, na kichwa hakijui kudanganya: mwenye deni ana kisogo kigumu, mwenye mapenzi mapya hushindwa kutulia, aliyefiwa huinama kabla hujamwambia ainame. Kwetu kichwa kimoja huchukua asubuhi nzima, si kwa sababu ya nywele, bali kwa sababu ya maneno.

Mji wa kwanza ulikuwa hauna jina, kwa kuwa wenyeji wake hawajapata kuitana. Wanawake walikuja kwangu wakaleta vichwa, midomo wakaiacha nyumbani. Nilisuka kichwa baada ya kichwa bila kuambiwa hata jina la mtoto. Jamani, nilikonda. Mtu asidhani njaa ni ya tumbo tu. Nikawa najisimulia umbea mwenyewe, nauliza kwa sauti yangu na kushangaa kwa sauti nyingine, mpaka nikaanza kuchanganya ni yupi kati yetu aliyeanza. Kulikuwa na asubuhi nilizoamka nikiwa yule anayeuliza, na asubuhi nilizoamka nikiwa yule anayeshangaa, na hawa wawili wakawa hawasalimiani.

Lakini nilisikia, kwa mtoto aliyekuwa bado hajafundishwa kunyamaza, kwamba alipita fundi mmoja anayezungumza na kuta. Nikauliza njia. Nikafika nyumba ya buluu, buluu kama ile ya kuoshea nguo nyeupe. Rangi ilikuwa bado mbichi, ingawa mtoto alisema fundi ameondoka zamani. Rangi za mji ule hazikauki mpaka mtu azijibu. Nikaweka sikio ukutani. Kuta zile hunywa maneno kabla hazijakauka, na mle ndani ya ukuta alikuwamo Feruzi, akipiga mluzi, akimtukana mwenye nyumba kwa upole, akasema: mke wangu mchawi angekuwa hapa angesema nimepaka kama mtu anayefuta pua. Kisha akasema tena, mke wangu mchawi, hivi hivi tu, bila kitu cha kufuatia, kama mtu anayeita ndani ya nyumba tupu ajue kama mna mtu. Nikamjibu. Nilimjibu kwa matusi yetu yote ninayoyajua, shavu langu likiwa buluu, na ukuta ukakauka mbele ya macho yangu. Waliokuwa wanapita wakavuka upande wa pili wa barabara.

Nimejiuliza sana kama nilisikia kweli, au upweke ndio una sauti. Lakini hata kama ni upweke, kwa nini ulichagua kusema lile?

Mji wa pili ulikuwa umenyooka. Njia zake zilinyooka, migongo ya watu wake ilinyooka, na Mkuu wake, ambaye hakuna aliyepata kuuona uso wake, alikuwa amepiga marufuku mzaha. Sababu yake ilibandikwa kila kona: mzaha husemwa na mioyo miwili, na Mkuu amemruhusu kila raia moyo mmoja tu. Nikafika langoni, askari akaniuliza mimi ni nani. Kwa mazoea ya kwetu nikamwambia, mume wangu, leo umenisahau mara hii. Nikakamatwa hapo hapo.

Walinipeleka kwenye chumba cheupe cha kunyooshea maneno. Aliyenipokea alikuwa mwanamke wa makamo. Jina lake walikuwa wamelichukua wakamwachia kazi, akaitwa Mnyooshaji. Alinifundisha kutaja kikombe nikiwa nawaza kikombe. Kutaja maji nikiwa nawaza maji. Msione rahisi. Mimi nikitaja maji huwa namwona shangazi yangu aliyeteleza kisimani na ndoo kichwani na ndoo isidondoke, na nikimwona shangazi nacheka, na kila nikicheka tunaanza upya kwenye kikombe.

Siku moja akaniuliza nimemfuata nani. Nikasema mume wangu.

"Amekuoa?"

"Hajanioa."

"Basi umesema uongo."

"Si uongo, mama. Ni utani."

"Tofauti yake ni nini?"

Nimepita miji yote hiyo na hilo ndilo swali peke yake lililonikuta sina la kusema, mimi ambaye nyumbani hunifukuza harusini ili bibi harusi naye apate kusikika. Nikakaa nalo. Uongo humficha msemaji, nikawaza. Na utani je? Utani nao humficha, ila humficha mahali ambapo kila mtu anapajua, kama mtoto anayejificha nyuma ya kanga ya mama yake akaacha miguu nje. Sote huiona miguu. Lakini hakuna anayefunua kanga, maana mchezo utakwisha. Basi Feruzi aliiona miguu yangu? Na mimi, niliiona yake, au niliona miguu ya kila kijana wa Mlimani, ambao wote huniita mke?

Mnyooshaji aliomba nimsuke, kwa kuwa kichwa nacho kilipaswa kunyooka. Nikamsuka twende kilioni, ile misuko miepesi ya kulaza nyuma moja kwa moja, inayosukwa upesi na mtu aliyeitwa msibani. Nikiwa katikati, nikaona nywele zinabadilika kuwa nyeupe chini ya vidole vyangu, mstari kwa mstari, na mikono yangu nayo ina mikunjo ya bibi yangu. Sijui tulikaa pale miaka mingapi. Mji ule ulikuwa unakula muda wa watu ili wenyewe usizeeke. Na hapo yule mama, bila kugeuka, akaniuliza kwa sauti ya chini sana, huyo mume wako asiyekuoa anakuitaje. Nikamwambia ananiita mchawi. Mabega yake yakatikisika. Chanuo likanidondoka. Alijizuia akashindwa, akacheka kidogo puani, kicheko kilichokuwa na kutu kama bawaba ya mlango usiofunguliwa. Kesho yake aliingia mwanamke mwingine, akasema yeye ndiye Mnyooshaji, na siku zote amekuwa yeye.

Nilimlilia yule mama kuliko nilivyojililia mimi. Na kwa ajili yake nikajifunza. Nikajifunza kusema nakupenda huku nikiwaza nakupenda, bila shangazi, bila kisima, bila vyura. Waliponiona nimenyooka wakanifungulia. Langoni askari akanirudishia ujana wangu umekunjwa vizuri, nikauvaa, ukanipwaya kidogo mabegani, na mpaka leo unanipwaya. Nikatoka pale nimelibeba lile neno kama mtu aliyebeba bakuli la uji uliojaa mpaka ukingoni, sitazami kulia wala kushoto nisije nikalimwaga.

Mji wa tatu haukuwa na ajabu yoyote isipokuwa Feruzi.

Alikuwa juu ya ngazi, anapaka ukuta wa ghala rangi ya maziwa, na wenzake wako chini wanakoroga. Mchana kweupe. Nikasimama chini ya ngazi nikamwita jina lake, si mwizi, jina lake. Akatazama chini. Uso wake ukafunguka wote. Nikasema nilichokuja kusema, kama nilivyofundishwa, kila neno na maana yake moja: "Feruzi, nakupenda. Nimekufuata ili nikwambie."

Akacheka mpaka ngazi ikayumba. Akashuka, akawaita wenzake waache kazi, waje wamwone mtani wake aliyetoka Mtoni kwa miguu kuja kumtania kazini. Je, kwao kuna watani wa namna hii? Wakasema hakuna. Nikarudia. Nikarudia kwa utulivu zaidi, na kadiri nilivyotulia ndivyo walivyoshika mbavu. "Mtazameni usoni," Feruzi akawaambia, machozi ya kicheko yakimtoka. "Hata hacheki. Hakuna anayemweza huyu." Alinitazama kwa fahari kubwa. Sijapata kutazamwa vile na mtu yeyote. Na kwetu mtani hanuni; atakayenuna amewaangusha mababu zake. Basi nikacheka. Bakuli langu lote likamwagika pale kwenye vumbi na rangi, nikacheka nalo.

Nilikaa mji ule. Nikasuka vichwa vya wake za wale mafundi, nyumba ikajaa, umbea ukapatikana, nikanenepa. Kila jioni Feruzi alikuja kula, akinipondea mapishi. Nilijiambia kuna wakati. Kisha homa ya mji ule ikamshika, ile inayowaingia wageni kwenye mifupa na kuwaacha wenyeji, na kwa muda mfupi mno akawa wa kugeuzwa kitandani. Nilikuwa namnywesha maji kwa kijiko. Akanitazama akasema, mke wangu. Hakuongeza mchawi. Hakucheka.

Lakini hakuwa na nguvu za kucheka.

Hapo ndipo nilipo mimi. Ninyi mliosoma, mliopita misikitini na makanisani na kwa waganga, niambieni. Mtu anaposema neno la mzaha bila kicheko, ni kwa sababu mzaha umemtoka, au ni kwa sababu pumzi imemtoka? Nililala kwenye maneno yale mawili, ya mwisho kwake, safari nzima ya kumrudisha kwao akiwa maiti. Nimeyageuza kama mtu anayegeuza nguo aliyoinunua akitafuta mshono ulioachia. Upande mmoja yananifanya mjane. Upande mwingine yananifanya msusi wa Mtoni aliyefunga safari kwa ajili ya mchezo wa watoto. Na ni maneno yale yale mawili, hayaongezeki.

Sasa nimerudi, na nyumba imejaa.

Mzee Kilembe, mdogo wa baba yake Feruzi, ndiye msimamizi wa shughuli. Amekuja kuniinamia akasema jua linapanda, mtani, tufungulie njia, na tena ameshusha sauti, mtazame mama yake. Nimemtazama. Bi Tabu amekaa penye nguzo, miguu ameinyoosha, kanga imemteleza begani. Tangu mwanawe alipoingizwa ndani hajalia, hajala, hajasema neno. Wanawake wamemzunguka wakamwimbia, wakamkanda mikono, hakuna kitu. Amefungwa kama kisima kilichofunikwa jiwe. Wanaogopa, na mimi naogopa, kwamba wakimtoa mtoto na yeye yuko hivi, ataondoka naye huku amekaa pale pale.

Wakaniletea shati la Feruzi, lenye matone ya rangi ya buluu na ya maziwa. Nikalivaa.

Sijui niwaelezeje. Mikono ilipopita kwenye mikono yake nilihisi nimekuwa mrefu. Nikatembea ule mwendo wake wa kutupa bega, nikapiga ule mluzi wake usiomaliza wimbo, nikakagua kuta za ukumbi wa kwao na kuuliza ni kipofu gani aliyepaka hapa. Ni yeye aliyepaka. Kicheko cha kwanza kikatoka kwa walio mlangoni. Nikamwomba Mzee Kilembe asogee kivulini, kipara chake kinaniunguza macho. Kicheko kikaingia ndani. Nikamsalimia kila mmoja kwa kosa lake, kama Feruzi alivyokuwa akisalimia, na vifua vikaanza kufunguka kimoja baada ya kingine. Watu wakawa wanacheka na kulia kwa pumzi moja, ndivyo inavyotakiwa. Bi Tabu peke yake hakuinua macho.

Nikaenda nikapiga magoti mbele yake. Kwetu ni ruhusa kumsemesha marehemu kwa kinywa cha mtani. Nikamwambia kwa sauti ya mwanawe: "Mama, nimerudi. Hunisalimii?"

Akainua uso taratibu. Akalitazama shati, halafu akanitazama mimi, au yeye.

"Baba," akasema, sauti imekauka, "huko mijini ulipata mke?"

Jamani. Nilikuwa na uwezo wa kusema lolote. Kinywa kilikuwa chake, na kila mtu alikuwa amekikubali. Ningeweza kumfanya aseme alichokuwa hajakisema, na kingekuwa kimesemwa, mbele ya mama yake, mbele ya ukoo. Nikangoja kidogo. Nilidhani pengine kama yumo humu atakuja mwenyewe aseme, mimi nimpishe. Hakuja mtu. Lilikuwa shati tu.

"Nilipata, mama," nikasema. "Alinifuata mpaka chini ya ngazi akaniambia ananipenda. Nikamcheka."

"Ni nani huyo?"

"Mashavu. Wa Mtoni."

Nyumba ikaanza kuchemka kwa kicheko. Bi Tabu akaniuliza, "Na wewe ulimpenda?"

Hilo sikuliweza. Nikalivua lile shati, nikaliweka mapajani mwake. Nikamjibu kwa sauti yangu mwenyewe, ile iliyonyooshwa, neno moja maana moja. "Yeye sijui, mama. Mimi nilimpenda. Sitanii."

Mtani akisema hatanii, hapo ndipo utani unapokolea. Nani asiyelijua hilo. Nyumba nzima ikaanguka. Watu walishikana wasidondoke kwenye vinu. Kitunguu kilibiringika kikapita katikati ya ukumbi. Na Bi Tabu akacheka. Kilianza tumboni, kikampanda, kikamtupa kichwa nyuma kwenye nguzo, kinywa wazi, na kilipofika juu kikavunjika, kikawa kilio, kilio kirefu cha mama, na wanawake wakamdaka pande zote wakishukuru. Jiwe limetoka. Alikuwa amenishika kifundo cha mkono huku analia, akisema katikati ya kilio, mwanangu we, huyu mtani wako huyu.

Ningeweza kusema tena. Ningemkazia macho nikamwambia, mama, si utani. Na angeelewa, naamini, maana yeye ni mwanamke. Na kicheko kile kingerudi nyuma kikamkwama kooni, angejua amecheka nini. Nikampangusa uso kwa kanga yake. Nikamwambia, lia, mama mkwe, lia.

Mzee Kilembe akasema basi, mtani amemaliza kazi, mbebeni. Nikaenda kusimama kando ya mlango kuwapisha. Mbele kulikuwa na Ngoma, mdogo wake Feruzi, macho mekundu, bega lake chini ya jeneza. Alipofika usawa wangu akaninong'oneza kwamba leo nimewaua. Nikamwambia ashike vizuri, shemeji. Akacheka, akapita na kaka yake begani.